Nuru Iliyowekwa Amana

Watu wanaoziona picha zangu za angani huniuliza swali moja, nao huliuliza kwa namna mbili. Watoto husema: "Babu, ni kweli huko kuko hivi?" Watu wazima, kwa adabu, husema: "Mwalimu, hizi rangi umezitia wewe?" Maneno ni mbalimbali lakini swali ni lile lile. Anayeuliza anataka kujua kama picha ile ni ushahidi au ni pambo. Na kama ni ushahidi, ni ushahidi wa nini, maana yeye mwenyewe ameitazama anga hiyo hiyo na hakuona hata chembe ya wekundu. Katika kurasa hizi chache nitajaribu kulijibu swali hilo, kwa kuwa naona jibu lake halihusu nyota peke yake.

Kwanza nieleze kazi yenyewe, kwa faida ya msomaji ambaye hajapata kuiona. Tangu nilipostaafu ualimu nimejizoeza kupiga picha za nebula na za kometi. Nebula ni mawingu ya gesi na vumbi yaliyo mbali sana, katikati ya nyota. Kometi ndizo zile ambazo wazee wetu waliziita nyota zenye mkia. Nazo ni mabonge ya barafu na vumbi yanayolizunguka jua, ambayo yakilikaribia hupata joto na kutoa gesi na vumbi, na hivyo mkia huonekana. Vifaa vyangu si vingi: kamera, darubini ndogo yenye lenzi ya upana wa sentimita 8, na kitako chenye mota kinachoigeuza darubini polepole ili iandamane na nyota, kwani dunia inazunguka na nyota hazikai mbele ya lenzi zikikusubiri.

Mazingira nayo yana amri zake. Nebula ya Orioni, iliyo karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari, huwa juu jioni katika miezi ya mvua, wakati mawingu yetu wenyewe yameifunika. Kwa hiyo huku Nyanda za Juu Kusini hunibidi niitafute mwezi wa Septemba, niamke saa tisa usiku, nivae koti zito na kofia ya sufi, na niombe moshi wa mashamba yanayochomwa usielekee upande wangu. Hayo yote kwa ajili ya kitu ambacho jicho langu, hata likisaidiwa na darubini hiyo, hukiona kama ukungu wa kijivu.

Sasa tuje kwenye hoja. Hoja ya kwanza ya wenye shaka ni rahisi kuielewa. Husema kwamba picha ya kweli ni ile inayofanana na kile ambacho jicho linakiona. Na kwa kuwa jicho linaona ukungu wa kijivu, basi picha yenye wekundu na buluu ni uongo. Hoja hii inalipa jicho cheo ambacho halikistahili. Chukua kanga mbili, nyekundu na ya kijani, uzitundike uani usiku usio na mwezi wala taa, kisha mwite mtu mwenye macho mazima akuambie ipi ni ipi. Hataweza. Je, tuseme kwamba giza likiingia kanga hupoteza rangi zake, na asubuhi hutiwa upya? La hasha. Kilichopungua ni uwezo wa jicho, ambalo katika giza huacha kazi ya kutambua rangi na kubaki na kazi ya kutambua weusi na weupe tu.

Jicho lina upungufu wa pili: haliwezi kuweka akiba. Nuru inayoliingia hutumika papo hapo, kisha jicho huanza upya, mfano wa mtu anayekinga maji ya chemchemi kwa kiganja kilichoachama vidole. Kamera hukinga kwa mtungi. Waliosema haba na haba hujaza kibaba hawakuwa wakifikiria nebula, lakini sijapata maelezo yaliyo bora kuliko hayo. Picha yangu ya Orioni ninayoipenda kuliko zote imetokana na picha 120, kila moja ya nusu dakika. Jumla yake ni saa nzima ya kukinga.

Kabla ya kamera, watu waliziona nebula kwa darubini na kuzichora kwa mkono. Walikuwa watu waaminifu, walakini wachoraji wawili wa nebula moja waliweza kuleta michoro miwili isiyofanana, na hapakuwa na wa kuamua. Mfano mzuri ni Kilimia, kundi la nyota ambalo wakulima wa kwetu wamelitazama tangu kale ili kujua majira ya kulima. Mwaka 1859 Mjerumani mmoja, Wilhelm Tempel, akiwa Venice na darubini ndogo, alitangaza kwamba ameona ukungu kando ya nyota moja ya kundi hilo. Wenzake wakatazama. Baadhi walisema upo, baadhi walisema haupo, na wengine wasioona kitu walikuwa na darubini kubwa kuliko yake. Mwaka 1885 ndugu wawili wa Paris, Paul na Prosper Henry, walilipiga kundi hilo picha, wakakuta ukungu mwingine kando ya nyota nyingine, ambao hakuna aliyekuwa ameutangaza kabla yao. Picha zilizofuata zilionyesha kwamba Kilimia yote imefunikwa na utando wa vumbi linalong'aa kwa nuru ya nyota hizo. Wakulima wetu walikuwa wakilitazama vumbi hilo miaka yote bila kuliona, na halikuwa na kosa la kutokuwapo.

Nebula ya Orioni yenyewe ilipigwa picha ya kwanza tarehe 30 Septemba 1880, na Henry Draper, daktari wa Marekani, aliyeiacha kamera yake wazi kwa dakika 51. Miaka mitatu baadaye Andrew Common, mhandisi wa Uingereza ambaye elimu ya nyota haikuwa kazi yake ya kumpa mkate, alipata picha iliyoonyesha nyota hafifu mno, ambazo jicho halikuweza kuziona. Tangu hapo jicho lilivuliwa cheo cha hakimu. Hatuwezi tena kusema kwamba kisichoonekana kwa macho hakiruhusiwi kuwamo katika picha ya kweli.

Lakini hapo ndipo hoja ya pili inapoingia, tena kwa kishindo. Kama jicho si hakimu, basi hakimu ni nani? Kijana mmoja mwerevu aliwahi kuniambia: "Mwalimu, kila picha imetengenezwa. Wewe umejumlisha 120, umeongeza mwanga, umekoleza rangi. Mwingine akitia nyota zake mwenyewe, mmetofautiana nini?" Ni hoja ya kuheshimiwa, na asiyeweza kuijibu hana haki ya kumlaumu mdanganyifu yeyote.

Nitaijibu kwa kuanza na picha mashuhuri. Tarehe 1 Aprili 1995 darubini ya Hubble, inayoizunguka dunia juu ya hewa yetu, ilipiga picha ya nguzo za gesi na vumbi zilizomo katika Nebula ya Tai. Picha hiyo imeenea dunia nzima. Yumkini msomaji ameiona ukutani au katika kitabu cha shule. Watengenezaji wake waliichukua nuru ya salfa wakaipa rangi nyekundu, nuru ya haidrojeni wakaipa kijani, na ya oksijeni wakaipa buluu. Ukweli ni kwamba nuru hiyo ya haidrojeni kwa asili yake ni nyekundu, na ya salfa ni nyekundu pia. Kama wangeziacha zilivyo, zingechanganyika, na mtazamaji asingejua gesi ipi imekaa wapi. Wakazitenga kwa kuzivisha nguo tofauti. Je, walidanganya?

Kila aliyefundisha jiografia analo jibu. Ramani moja ya ukutani huionyesha Tanzania kwa rangi ya kijani, nyingine kwa manjano, nyingine kwa waridi. Katika miaka yote niliyosimama mbele ya ubao sikumpata mtoto aliyevuka mpaka akishangaa kwamba udongo haukubadilika rangi. Kwa nini ramani haimdanganyi? Kwa sababu ina ufunguo. Pale pembeni, ndani ya kisanduku, mchoraji ametamka wazi: rangi hii maana yake ni hii, alama hii maana yake ni hii. Watengenezaji wa picha ya Hubble nao walisema walichofanya, na anayetaka kujua rangi ipi ni ya gesi ipi anaweza kujua. Hiyo ni tafsiri. Mfasiri hubadili maneno yote ya kitabu, asibakize hata moja, na bado akawa mwaminifu. Na mwingine aweza kubadili neno moja tu akawa mwongo. Uaminifu wa mfasiri haupimwi kwa idadi ya maneno aliyobadili.

Kwa hiyo swali la kijana yule lina jibu. Mimi nilijumlisha nuru iliyokuja. Mwingine anayetia nyota zake ameleta nuru ambayo haikuja. Mimi nikiulizwa nimefanya nini, nitasema kila hatua na picha yangu haitapungua thamani. Yeye akisema kila hatua, picha yake itakufa hapo hapo. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, nacho ni chepesi kukumbuka: je, picha inaweza kuishi pamoja na maelezo ya jinsi ilivyopatikana?

Kipimo hicho kilijaribiwa mwaka 2024. Mwishoni mwa Septemba mwaka huo kometi iliyoitwa Tsuchinshan-ATLAS ilionekana alfajiri, upande wa mashariki. Ilikuwa imegunduliwa mwaka 2023 na vituo viwili, kimoja cha China na kingine cha Sutherland huko Afrika Kusini. Niliipiga picha saa kumi na moja na nusu alfajiri, mkia wake ukiwa umesimama juu ya shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Katikati ya picha palikuwa na nguzo ya umeme. Baadaye mchapishaji mmoja wa kalenda aliiona, akaipenda, akataka kuinunua, kwa sharti kwamba nguzo iondolewe pamoja na shamba, na kometi iwekwe juu ya kilele cha Kibo. Picha nzuri ya mlima alikuwa nayo tayari. Nilipokataa aliniuliza bila hasira: "Mwalimu, kometi ilikuwapo. Mlima upo. Vyote viwili ni kweli. Uongo uko wapi?"

Swali hilo lilinikalia kichwani kwa wiki nyingi, kwani mtu yule hakuwa mhuni. Alikuwa mfanyabiashara mwenye heshima aliyetaka kalenda ipendeze. Jibu nililolipata nililikumbuka kutoka ofisini mwangu wa zamani. Mwalimu mkuu husikiliza kesi nyingi za wanafunzi, na mojawapo ya mambo anayojifunza mapema ni kwamba kweli mbili zinaweza kuunganishwa zikazaa uongo mmoja. "Fulani alikuwa bwenini wakati wa chakula." Kweli. "Fedha zilipotea bwenini wakati wa chakula." Kweli. Ukiziweka sentensi hizo sambamba, ukanyamaza, umekwisha kumfunga mtu ambaye labda alikuwa amelala na malaria. Hujasema neno la uongo, lakini umeupanga uongo. Picha nayo haisemi tu kwamba kitu hiki kipo na kile kipo. Inasema vilikuwa pamoja, mahali hapa, saa hii. Uongo wa kalenda ile ungekuwa ndani ya hilo neno "pamoja".

Msomaji makini ataniuliza: na wewe je, na picha zako za kometi? Naye ana haki. Kometi husogea mbele ya nyota, hata katika dakika chache. Ukiielekeza darubini iandamane na kometi, nyota zitatoka kama michirizi. Ukiandamana na nyota, kometi itafifia kingo. Siku hizi wengi wetu hutumia kompyuta kuzipanga picha zile zile mara mbili, mara moja kwa kuifuata kometi na mara moja kwa kuzifuata nyota, kisha huunganisha, ili vyote viwili vitoke vikiwa na kingo safi. Naona jambo hili ni halali, kwa sababu kometi ile ilikuwa kweli kati ya nyota zile, saa ile, na "pamoja" yake haikuguswa. Hata hivyo nahesabu kwamba ni halali iliyo karibu na ukingo, nami huandika wazi kwamba nimeifanya. Katika maadili, kama katika kupanda mlima, si dhambi kutembea karibu na ukingo. Hatari ni kutembea hapo huku ukijifanya uko uwandani.

Turudi kidogo kwenye zile picha 120, maana zina somo jingine. Kila picha moja moja ina kasoro zake: chembechembe za rangi zisizotoka angani, ambazo kamera yenyewe huzizusha. Zikijumlishwa, kasoro huzama na nebula huibuka. Sababu yake ni kwamba nuru ya kweli hurudi mahali pale pale katika kila picha, ilhali kasoro hutangatanga, leo huku kesho kule. Ni kama mashahidi 120 ambao kila mmoja ana kigugumizi chake. Walilolisema wote ndilo lililotokea. Na kama katika picha moja imepita ndege na kuacha mchirizi, kompyuta huuondoa, kwa kuwa picha nyingine 119 hazimjui ndege huyo.

Lakini ndege huyo alipita kweli. Hapo pana jambo la kuogopwa. Nimeuliza habari za nebula, na kwa ajili ya swali langu nimefuta kitu kilichotokea. Ni haki, maadam swali ni hilo. Hata hivyo yafaa kukumbuka Edward Emerson Barnard. Alizaliwa Nashville, Marekani, mwaka 1857, mtoto wa maskini, na kabla hajatimiza miaka tisa aliajiriwa katika duka la mpiga picha, kazi yake ikiwa kuigeuza mashine kubwa ya kukuzia picha ili ilifuate jua siku nzima. Mtoto huyo alikuja kuwa mmoja wa wapiga picha wakubwa wa anga. Mwezi Oktoba 1892, akiwa California, alikuwa akipiga picha ya sehemu ya Njia Nyeupe, ule ukanda wa nuru unaokata anga. Juu ya bamba la kioo alikuta mchirizi mdogo ambao hakuutafuta. Ilikuwa kometi, ya kwanza kabisa kugunduliwa kwa njia ya picha. Ikapotea baada ya hapo, na haikuonekana tena mpaka mwaka 2008. Kama Barnard angekuwa na mazoea ya kufuta kila kisichomhusu, angeifuta.

Jambo la namna hiyo lilikuwa limetokea miaka kumi nyuma katika bara letu. Mwaka 1882 kometi kubwa ilipotokea, David Gill, mkuu wa kituo cha nyota cha Rasi ya Tumaini Jema, alisaidiwa na mpiga picha wa hapo kuifunga kamera juu ya darubini na kuipiga picha. Picha zilipotoka, nyuma ya kometi palikuwa na nyota nyingi ajabu. Hakuziita takataka. Kutokana nazo alipata wazo la kupiga picha anga yote ya kusini, na kazi hiyo, iliyopimwa na Jacobus Kapteyn huko Uholanzi, ilizaa orodha ya nyota zaidi ya 450,000. Kwa sababu hiyo mimi hutunza picha zote 120 kama zilivyotoka katika kamera, pamoja na ndege, pamoja na satelaiti, pamoja na popo. Huenda siku moja mtu mwingine akawa na swali ambalo si langu.

Barnard ana somo moja zaidi, na hili ni la wale wanaodhani kwamba picha aminifu inatosha. Katika mabamba yake yalionekana madoa meusi katikati ya nyota, kama matundu katika kitambaa. Nasi huku kusini tunaliona mojawapo kwa macho matupu, karibu na Msalaba wa Kusini. Kwa miaka mingi Barnard aliyachukua kuwa ni matundu kweli, mahali pasipo nyota. Polepole, picha kwa picha, akakubali kwamba mengi si matundu bali ni mawingu meusi ya vumbi yanayozikinga nyota zilizo nyuma yake. Mwaka 1919 alitoa orodha ya mawingu hayo, 182 kwa hesabu. Tangu mwanzo picha haikusema uongo. Ilisema tu: hapa hakuna nuru iliyofika. Ni mwanadamu aliyeongeza: basi hapa ni patupu. Mara ngapi tumefanya hivyo kwa watu! Mtoto asiyejibu darasani tunaandika kwamba ni mtupu, kumbe liko wingu mbele yake.

Sasa narudi kwa mchapishaji wangu, kwani alikuwa na swali la pili, nalo ndilo zito: "Inamdhuru nani?" Kalenda yake ilitoka na picha aliyoipata kwingine, naiona kila niendapo dukani, na watu wanaisifu. Hakuna aliyeumia. Hakuna aliyeibiwa shilingi. Je, mimi si mzee mkaidi tu?

Nadhani anayedhurika yupo, ila hayuko dukani siku hiyo. Ni yule atakayekuja kesho na picha ya kweli. Huja watoto nyumbani kwangu kutazama kwa darubini, na wale waliokwisha kushibishwa picha za kubuni hutazama nebula ya Orioni kisha hugeuka wakisema: "Mbona moshi tu?" Moshi ule upo umbali wa miaka ya nuru ipatayo 1,300. Nuru iliyoingia katika jicho la mtoto yule iliondoka huko wakati Kilwa haijawa mji, ikasafiri bila kusimama, ikafika nyuma ya banda langu la kuku. Naye akaiona haitoshi. Huo ni ufukara. Na yule mwingine, aliyekwisha kugundua kwamba ametapeliwa mara mbili tatu, naye hupungukiwa kwa upande wa pili: ukimwonyesha kitu cha ajabu kilicho kweli, hucheka. Uongo unaopendeza huwafanya watu wa kwanza wasitosheke na kweli, na watu wa pili wasiiamini. Baina ya hao wawili, kweli haina pa kukaa.

Jambo hili limekuwa kubwa kuliko lilivyokuwa nilipokuwa kazini. Leo kompyuta zenye akili mnemba zinaweza kutoa picha ya nebula ambayo haijapata kuwapo, kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mwaka 2023 palikuwa na mjadala mkubwa juu ya simu moja ambayo, ikielekezwa kwenye picha ya mwezi iliyofifishwa makusudi, ilitoa picha yenye mabonde na milima iliyo wazi, mambo ambayo katika picha iliyowekwa mbele yake hayakuwamo. Ilijua mwezi unavyofanana, ikamalizia. Mwezi ni ule ule kwa wote, na huenda ilimalizia sawasawa. Lakini shahidi anayejibu kwa kukisia kile ambacho hakukiona si shahidi, hata akipatia.

Ndiyo maana neno ninaloliona linafaa kuliko mengine ni amana. Anayekabidhiwa amana anaweza kuihamisha kutoka kapu hadi sanduku, anaweza kuifuta vumbi, anaweza kuihesabu mbele ya watu kwa namna itakayoeleweka. Hawezi kuongeza kitu chake ndani akasema ni cha mwenyewe, hata kama alichoongeza ni kizuri, hata kama mwenyewe yuko mbali na hatakuja kuuliza. Na hakuna mwenye amana aliye mbali kuliko Orioni. Hakuna atakayetoka huko kuja kuhakiki. Pengine kwa sababu hiyo hasa kazi hii ni shule nzuri ya uaminifu: imebaki baina ya mtu na dhamiri yake, katika giza, saa tisa usiku.

Nyuma ya kila picha ninayomgawia mtu huandika kwa kalamu ya wino: tarehe, saa, mahali, dakika ngapi za nuru, nimekoleza nini, nimeondoa nini. Baadhi ya watu husema ninaiharibu picha kwa maandishi mengi. Juzi mjukuu wa jirani, msichana wa darasa la tano, alipewa ya kometi ile, yenye shamba na nguzo ya umeme. Hakuitazama mbele kwa muda mrefu. Aliigeuza, akasoma nyuma kwa kidole, neno kwa neno, kisha akatoka nje kuitafuta ile nguzo.